Mkono Kwenye Video ya Kibiriti

"Wewe ndiye uliyeniwekea mkono?"

Mama Kanda hakuinua kichwa. Alikuwa akimpunguza bwana harusi mmoja kitambi kwenye skrini, kazi inayotaka utulivu, maana ukikibana kupita kiasi hata mlango ulio nyuma yake unapinda, na hapo kila mtu anajua. Katika ufundi wake wa video alishalaumiwa kwa mengi: umenitia weusi, umeninenepesha, umemkata mama mkwe wangu kwenye keki. Lawama ya mkono ilikuwa mpya.

"Karibu kiti," alisema. "Mkono upi huo?"

"Huu hapa."

Ndipo alipotazama. Mwanamke wa makamo alikuwa amesimama mbele ya meza, mkono wa kulia ameunyoosha juu ya kibodi kama anayesubiri kutolewa damu. Macho yalikuwa yamevimba. Mama Kanda alivitambua vidole kabla ya sura, kwa sababu alishinda navyo kwenye skrini siku nzima wakati wa ile kazi. Huyu alikuwa shangazi yake Kibiriti.

Kibiriti alikuwa mtoto wa miaka sita asiyejua kutulia, na jina hilo alipewa na majirani. Mwaka jana alianguka kutoka roshani ya ghorofani kwao akafa. Mwaka ulipotimia, wazazi wake walitaka filamu ya kumbukumbu ya kuwaonyesha ndugu, wakampa kazi Mama Kanda, ambaye alikuwa kwenye shughuli hizo tangu zama za kanda. Jina lake lilitoka huko. Hakuzaa mtoto aitwaye Kanda, na aliyemuuliza habari hiyo hakurudia kuuliza. Filamu iliishia na klipu ya mwisho ya mtoto akiwa hai: Kibiriti juu ya stuli pale roshani, anacheza, shangazi yake pembeni anaanika nguo, mama yake ndiye anayerekodi kwa simu. Mama Kanda aliikata mapema, kabla ya lolote baya. Akaifanya iende taratibu, slomo, akaweka muziki juu yake. Alijua watu watalia. Filamu ya msiba isipoliza, mteja anaona ameibiwa.

Walilia kweli. Kisha mzee mmoja wa ukoo akasema, "Hebu rudisha nyuma kidogo."

"Wakarudisha," shangazi alisimulia, sasa amekaa. "Kwenye ile TV yao kubwa kama ukuta. Mkono wangu uko mgongoni kwa mtoto, vidole vimetanuka hivi. Wakarudisha tena. Kila wakirudisha, namsukuma."

"Na ulimsukuma?"

Lilikuwa swali la kikatili, lakini Mama Kanda hakujaliwa ulimi wa kuzunguka. Shangazi alimtazama bila hasira.

"Mimi ndiye nilikuwa namwogesha. Mama yake akichelewa kazini, analala kifuani kwangu. Sasa wanasema ni wivu, eti kwa sababu sijazaa. Kikulacho ki nguoni mwako, ndivyo alivyosema yule mzee, mbele yangu. Kaka yangu amenitolea nguo nje. Nalala sebuleni kwa jirani, na kesho anaipeleka video polisi." Alivuta pumzi. "Nimekuja kukuomba kitu kimoja. Toa mkono wangu. Mkono tu, usiguse kingine."

"Dada, kamera haitungi mkono. Kilichoonekana ndicho kilichokuwepo."

Alilisema hilo kwa kujiamini kabisa, huku nyuma yake bwana harusi asiye na kitambi akitabasamu kwenye skrini. Watu bwana. Fundi hudanganya siku nzima kwa mikono yake, halafu mdomo wake unaapa kwamba mashine haijui kusema uongo.

Hata hivyo alimfunga bwana harusi akaifungua kazi ya Kibiriti.

Kwanza aliilaumu TV, kama mafundi wote. TV za siku hizi zina tabia ya kulainisha mwendo, zinamfanya mtu anayetembea aonekane anateleza kwenye mafuta. Akaicheza filamu kwenye kompyuta yake. Mkono upo. Akaihamishia kwenye simu. Mkono upo. Kumbe kosa lilikuwa ndani ya faili lenyewe, na faili lilitoka mezani kwake. Aliwasha feni ingawa hapakuwa na joto.

Alisimamisha picha akaikuza. Pembeni mwa vidole kulikuwa na vimraba, vile vidoa vya pembe nne vinavyotokea video ikibanwa sana ili ienee kwenye fleshi ndogo. Alikumbuka kwamba aliibana kweli. Basi akaitoa upya bila kuibana, akasubiri, akaicheza. Vimraba vilitoweka. Mkono haukutoweka. Ulikuwa safi zaidi, hata kucha zilionekana.

"Umeuona?" shangazi aliuliza kwa sauti ndogo. "Hata mimi nikiutazama naanza kujiuliza."

Mama Kanda alisogeza klipu picha moja moja, mbele, nyuma, mbele. Kisha akaiondoa slomo, klipu ikarudi kwenye mwendo wake.

Mkono uliondoka mgongoni.

Aliirudisha slomo. Mkono ukarudi. Akaiondoa. Ukaondoka.

"Njoo uone," alisema, na sauti yake haikuwa ile ya mwanzo. "Video ni picha nyingi zinazokimbizana. Ukitaka iende taratibu, picha hazitoshi. Kompyuta inazitunga za katikati. Inachukua ya kabla na ya baada, inazichanganya, inabahatisha. Hapa mkono wako uko hewani, karibu na mtoto. Picha inayofuata uko mbali. Katikati hapo kamera haikupiga kitu. Kompyuta ndiyo iliyoujaza, na ilipokosa pa kuuweka mkono, ikauweka kwenye shati."

"Kwa hiyo ni wewe."

"Ni mimi."

Alipaswa kuliona kosa hilo kabla filamu haijatoka. Mafundi wana kanuni: ukitumia slomo, pitia kila picha. Yeye aliitazama mara moja, akiwa na haraka, macho yake kwenye uso wa mtoto kwa sababu uso ndio unaoliza. Aibu ilimshika hadi masikioni. Kwa ajili ya muziki na machozi, alimtoa mtu nyumbani kwao.

"Basi futa," shangazi alisema. "Tengeneza nyingine, uwapelekee, uwaambie ni mashine. Yaishe."

Lakini hayakuwa mepesi hivyo. Klipu ambayo mama yake Kibiriti alimtumia ilipita kwenye simu, na simu huibana video kwa nguvu ili iwahi kufika. Hata kwenye mwendo wake wa kawaida, kati ya vidole na shati palikuwa na uji wa vimraba. Mtu mwenye nia njema angesema mkono haujafika. Mtu mwenye kinyongo angesema umefika. Na klipu yenyewe haikuwa na sauti. Mama mtu aliizima kabla ya kuituma. Wakati ule Mama Kanda hakujali, maana muziki ungefunika yote.

"Nahitaji ile halisi," alisema. "Iliyo ndani ya simu iliyorekodi. Ile haijabanwa, itaonyesha kila kitu."

Shangazi alisimama. "Hapana. Ya nini? Mimi nimesema mkono tu."

"Dada, wanataka kukufunga."

"Nimesema mkono tu!"

Mama Kanda hakumwelewa, na hakuwa na muda wa kumwelewa, kwa sababu simu yake iliita na aliyepiga alikuwa baba yake Kibiriti. Alitaka picha isafishwe kabla ya kwenda polisi. Alisema alitaka vidole vionekane vyote, pasiwe na wa kubisha. Mama Kanda alimwambia aje mara moja na simu ya mkewe. Yule bwana akashukuru kwa adabu, akidhani wako upande mmoja.

Walifika mke na mume, jioni haijaingia. Baba mtu alikuwa mrefu, shati limepigwa pasi, simu ya mkewe ameishika mkononi mwake. Mkewe alimfuata nyuma, mwembamba kuliko Mama Kanda alivyomkumbuka, lakini uso ulikuwa umetulia kidogo, una nuru ambayo haukuwa nayo siku alipokuja kuagiza filamu. Kisha wakamwona shangazi kwenye benchi.

"Huyu anafanya nini hapa?"

"Hapa ni dukani, shemeji," Mama Kanda alisema. "Kila aingiaye ni mteja. Nipe simu."

"Nilimwambia hakuna haja," mama mtu alisema haraka. "Ile aliyonayo inatosha. Mkono unaonekana."

"Haitoshi," mumewe alisema. Akamgeukia fundi. "Mimi sijawahi kuitazama hiyo iliyo kwenye simu. Moyo hauniruhusu. Wewe itazame, utoe tunachohitaji."

Mama Kanda aliunganisha simu na kompyuta, akachomeka hedifoni, akageuza skrini upande wake. Faili lilikuwa zito, zuri, lote limekamilika. Akalicheza.

Picha ilikuwa angavu kiasi cha kuumiza. Kibiriti alikuwa na pengo la jino la mbele. Alikuwa akiimba wimbo wa kujitungia kuhusu paka na soksi. Shati lilipepea, na kati ya shati na vidole vya shangazi palipita mwanga mweupe, upana wa kiganja. Mkono haukumgusa kabisa. Ulikuwa umekunjwa kama wa mtu anayekwenda kudaka.

Na hedifoni zikasema yaliyobaki.

Sauti ya shangazi: "Kibiriti, shuka hapo, utaanguka."

Sauti ya mama, karibu sana na kipaza sauti, inacheka: "Mwache, wifi. Toa mkono bwana, unamziba. Toa mkono!"

Mkono ukarudi nyuma. Mtoto akamgeukia mama yake, akacheka naye. Mama Kanda alisimamisha hapo, kwa sababu kilichofuata alikijua na hakutaka kukiona.

Alipoinua macho, mama yake Kibiriti alikuwa akimtazama. Hakupepesa. Mama Kanda alifahamu kwamba mwanamke yule alikuwa akihesabu maneno pamoja naye, neno kwa neno, bila hedifoni. Kwenye benchi, shangazi alikuwa ameinamia viganja vyake, na sasa ile "mkono tu, usiguse kingine" ikaeleweka.

Mama Kanda aliwahi kuzika mtoto, ingawa hakulisema dukani. Akafikiri: picha pekee zitatosha. Shangazi atarudi kwao, na mama mtu hatauawa mara ya pili. Aligeuza skrini, akaacha hedifoni mahali pake, akaicheza tena kimya.

"Tazama," alimwambia baba mtu. "Hakumgusa. Huo mwanga ni hewa. Ule mkono mliouona mgongoni ni kosa langu mimi na kompyuta yangu. Nisameheni."

Baba mtu alitazama mwanawe akicheza. Aliomba irudiwe, ikarudiwa. Mama Kanda alingoja aseme basi.

"Hakumgusa," alisema hatimaye. "Sawa. Alikuwa anataka kumshika." Akaweka kidole kwenye skrini. "Halafu hapa anaurudisha. Anamwona mtoto yuko ukingoni, mkono umeshafika, anaurudisha." Akageuka. "Dada. Kwa nini uliurudisha mkono?"

Shangazi alizidi kuinamia viganja vyake.

"Nakuuliza! Ungemshika tu! Ulikuwa umeshamfikia! Afadhali ungemsukuma nijue una kichaa, kuliko kusimama hapo ukamwacha!"

Feni ilizunguka. Mama Kanda alimtazama mama yake Kibiriti, akampa nafasi. Alimpa tena. "Mama Kibiriti," alisema polepole, "huna la kusema?"

Yule mwanamke alikuwa akitazama waya wa hedifoni.

"Basi, Mama Kanda," shangazi alisema akiwa anainuka. "Inatosha. Kesho nitakwenda polisi mwenyewe, asihangaike. Nitawaambia niliurudisha."

Hapo ndipo hasira ilipompanda Mama Kanda. Haikuwa hasira ya mtu mmoja. Aliwakasirikia wote, yule mwenye pasi kwenye shati, yule anayemeza neno, yule anayejitoa kafara kama vile maisha yake ni tambara la kufutia sakafu, na zaidi ya wote alijikasirikia yeye na slomo yake. Akaushika waya, akauchomoa.

Spika za duka lake zilikuwa kubwa, za sherehe. Wimbo wa paka na soksi ukajaa chumba kizima. Kisha, shuka hapo, utaanguka. Kisha kicheko, kicheko kizuri cha mama kijana anayejivunia mwanawe. Mwache, wifi. Toa mkono bwana, unamziba. Toa mkono!

Mama Kanda akasimamisha.

Baba yake Kibiriti alishika ukingo wa meza. Hakumtazama mkewe. Alimtazama dada yake, na alipozungumza sauti ilikuwa ya mtoto.

"Kwa nini hukusema? Siku zote hizi. Nimekutolea nguo nje, na hukusema."

"Ningesema nini?" shangazi alijibu. "Mwanamke amemzika mwanawe, nimfuate nimwambie ni wewe uliyenikataza? Anayajua. Kila siku aliponiona nilijua anayajua." Akamgeukia wifi yake kwa mara ya kwanza. "Mimi nilidhani utawaambia, wifi. Waliponishika usiku ule wa filamu nilikutazama. Nilisema moyoni, sasa atasema. Ukasimama ukanielekezea kidole."

Mama yake Kibiriti alikuwa ameketi chini. Hakuna aliyemwona akiketi.

"Dada, twende nyumbani," baba mtu alisema. "Twende. Nitawaita wote, nitawaambia mbele yao."

"Waambie. Lakini kwako sirudi." Shangazi alijifunga upya khanga yake. "Nikipita jikoni atasikia hiyo sauti. Nikimsalimia ataisikia. Na mimi nikimwona nitakumbuka kile kidole. Tutaishije?"

Akatoka. Baba mtu alikimbilia mlangoni akamwita mara mbili, akatoka nyuma yake, na sauti yake ikasikika ikififia barabarani akiomba msamaha mbele ya wapita njia. Simu ya mkewe aliiacha mezani. Mkewe naye alimwacha pale sakafuni.

Mama Kanda alizima skrini. Alitaka kumwambia kitu. Alitaka hata kumgombeza, maana alistahili, lakini ulimi wake uliozoea kukata leo haukukata.

"Mimi si mwongo," mama yake Kibiriti alisema, kama anaongea na miguu ya meza. "Mwaka mzima niliisikia. Nikifumba macho tu, naisikia, toa mkono, toa mkono. Nikaja nikakupa kazi. Na ile siku kwenye TV nikauona mkono mgongoni kwake, nimeuona kwa macho yangu. Nikasema, kumbe. Kumbe hakunisikiliza. Kumbe ni yeye." Alijifuta pua kwa kiganja. "Niliamini, Mama Kanda. Wallahi niliamini. Tangu siku ile nilikuwa nalala. Naweka kichwa tu, nalala mpaka asubuhi."

Nje mtu alikuwa akifunga mlango wa chuma wa duka la jirani. Mama Kanda alivuta stuli akaketi karibu naye, kwa kuwa kuendelea kusimama kulionekana kama kumfukuza, na wote wawili wakakaa hivyo wakisubiri mume arudi, ingawa hapakuwa na aliyesema kwamba angerudi.